Wiki za Mwanzo za Mtoto wa Mbwa: Bei Uliyolipa na Deni Ulilochukua

(Mazungumzo yaliyotolewa na mtumishi wa idara ya elimu kwa walaji. Yamechapwa hapa kama yalivyotamkwa, isipokuwa salamu za mwanzo ambazo zimefupishwa.)



Mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani ya bucha, tarehe ya mwisho ya matumizi na stakabadhi ya duka. Leo nimeombwa kuzungumzia bidhaa isiyo na kifungashio wala maelezo ya matumizi, na ambayo usiku wa kwanza ikifika nyumbani kwako italia mpaka alfajiri. Nazungumzia mtoto wa mbwa.

Nianze kwa kuungama. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwahimiza watu waulize kabla ya kulipa, nilinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara bila kuuliza hata swali moja la maana. Wezi walikuwa wameingia uani kwetu mara mbili katika mwezi mmoja, nami nilikuwa na haraka. Jioni moja nikitoka kazini, foleni ikiwa imesimama, kijana mmoja alinisogezea dirishani kinyama cheusi chenye tumbo la mviringo kama kibuyu. Akaniambia kina miezi miwili, kimeshachomwa sindano, na ni mbegu halisi ya German Shepherd. Nilimlipa kupitia dirisha la gari, taa ikawaka kijani, nikaondoka.

Siku ya tano mtoto yule alikataa chakula. Siku ya sita alitapika na kuharisha damu. Siku ya saba, kabla ya adhuhuri, alikuwa amekufa. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, aliniuliza, "Mama, tulimkosea nini?" Sikuwa na jibu. Haya nitakayowaeleza leo ndiyo jibu nililolipata baadaye, nilipokwenda kuuliza nilichopaswa kuuliza mwanzo.

Maswali matatu kabla ya kulipa

Daktari wa mifugo niliyemwendea alikuwa mzee mtulivu. Hakunilaumu. Aliniuliza maswali matatu tu: "Ulimwona mama yake? Ulimfungua kinywa? Ulionyeshwa kadi?" Nilijibu hapana mara tatu. Akaniambia, "Basi, mwanangu, hukununua mbwa. Ulinunua maneno."

Ndugu zangu, maswali hayo matatu ninawakabidhi ninyi.

La kwanza ni mama yake. Nendeni mahali mtoto alipozaliwa, mkamwone mama na ndugu zake. Mama aliyenawiri, asiyetetemeka wala kung'ata wageni kwa hofu, ni dhamana bora kuliko sifa zote za muuzaji. Banda lenye kinyesi cha damu au watoto waliolegea ni onyo la kuondoka mara moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa mbwa anayetembezwa juani kutoka gari hadi gari ameshikwa na mikono mingi na kulazwa pamoja na wengine wasiojulikana walikotoka. Ametembezwa pamoja na maradhi yake.

La pili ni umri. Mtoto wa mbwa hapaswi kuachanishwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Katika wiki hizo hunyonya, na pia hujifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunaumiza, kwa sababu akimuumiza mwenzake mchezo husimama. Wauzaji wengi hupenda kumtoa mapema, kwa kuwa mdogo huvutia zaidi na amekula chakula kidogo zaidi. Fungueni kinywa. Mtoto aliyetimiza wiki 8 huwa ameota meno yote madogo ya mbele, 6 juu na 6 chini, pamoja na chonge 4 nyembamba kama sindano. Kama ufizi wa mbele bado una mapengo, miezi miwili mnayoambiwa haijatimia.

La tatu ni kadi. "Ameshachomwa" ni neno lisilo na uzito. Amechomwa nini, lini, na nani? Kadi ya chanjo hubandikwa lebo ya chupa ya dawa, huandikwa tarehe, na hutiwa saini na mhuri wa aliyechoma. Isitoshe, sindano moja haitoshi. Mtoto hupata kinga kwa mama yake hasa kupitia maziwa ya kwanza, na kinga hiyo, ilhali inamlinda, huizuia chanjo isifanye kazi. Hakuna ajuaye kwa kumtazama ni siku gani kinga ya mama itakwisha. Kwa hiyo chanjo dhidi ya parvo na distempa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa kwa kawaida akiwa na wiki 12. Na kwa kuwa chanjo huharibika kwa joto na hupaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, ile inayotolewa kwenye mfuko wa suruali ya muuzaji ni maji tu.

Kilichomuua mtoto wetu wa kwanza kilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi ulioenea duniani kuanzia mwaka 1978. Dalili zake kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya maambukizo, na nyakati nyingine huchelewa hadi siku 14. Hesabuni wenyewe. Aliyeanza kuugua siku ya tano nyumbani kwangu, yaelekea alikuja nao. Hilo ndilo nililomjibu binti yangu: kosa letu lilitangulia kufika kwake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, takeni maandishi. Karatasi moja inatosha: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mauzo, chanjo na dawa za minyoo alizopewa, jina na namba ya simu ya muuzaji, na makubaliano kwamba daktari wa mifugo atampima ndani ya siku 3, na akikutwa mgonjwa mtarudishiwa fedha zenu. Muuzaji mwaminifu hataikataa karatasi hiyo. Anayeikataa amewapa jibu.

Kuhusu mbegu, jihadharini na bei inayopandishwa kwa jina. Masikio ya mtoto wa German Shepherd huwa yamelala akiwa mdogo, na mara nyingi husimama akiwa na miezi kadhaa. Kwa hiyo akiwa na wiki 8 ni vigumu kumtofautisha na chotara kwa macho. Nasi tusimdharau mbwa wetu wa kienyeji. Ni mvumilivu wa jua letu, na hulinda nyumba vizuri akilelewa vizuri.

Usiku wa kwanza

Tulisubiri mwaka mzima kabla ya kuleta mtoto wa pili, kwa kuwa virusi vya parvo huweza kuishi katika udongo wa uani kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu tuliiosha kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji. Safari hii tulimwona mama, tukahesabu meno, tukapewa kadi. Binti yangu akamwita Simba. Nilimleta siku ya kwanza ya likizo yangu kwa makusudi, nami nawashauri vivyo hivyo: asifike nyumbani siku ambayo kesho yake nyote mnaondoka alfajiri.

Usiku ule Simba alilia. Akilia mtoto wa mbwa usiku wa kwanza, si ukorofi. Tangu azaliwe hajapata kulala peke yake. Amelala juu ya ndugu zake, akisikia pumzi za mama. Wapo watakaowaambia mwacheni alie, azoee. Mimi nawaambia mlazeni karibu nanyi, ndani ya boksi lenye kuta za kumzuia asizurure, mkiwa mmeweka humo kitambaa mlichokiomba kwa muuzaji kikiwa na harufu ya mama yake, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo. Mkono wako ukining'inia pembeni ya boksi unatosha kumtuliza. Baada ya wiki moja, sogezeni boksi kidogo kidogo kuelekea mahali mnapotaka alale atakapokua. Haendi kuharibika kwa kulala karibu na mtu kwa usiku kumi.

Jiandaeni pia kuamka. Mtoto wa mbwa huweza kujizuia mkojo kwa muda wa saa zisizozidi sana idadi ya miezi yake. Mwenye miezi miwili hawezi kuvuka usiku. Mchukueni nje mara moja au mbili, kimya kimya, bila mchezo, kisha mrudisheni alale. Mchana atalala sana, pengine saa 18 hadi 20 kati ya 24. Waambieni watoto wasimwamshe. Mtoto wa mbwa aliyenyimwa usingizi huwa mkali na mng'ataji, kama alivyo mtoto wa binadamu.

Mkojo sakafuni

Hapa nina ungamo la pili. Siku ya nne nilimkuta Simba amekojolea mkeka wa sebuleni, nikampiga kwa kandambili na kumsukumiza pua yake kwenye mkojo, kama nilivyoona wakubwa wakifanya nilipokuwa mdogo. Unajua alichojifunza? Hakujifunza kukojoa nje. Alijifunza kwamba mkojo ukionekana mbele yangu ni hatari, naye kuanzia siku hiyo akawa anakwenda kukojoa chini ya kitanda. Mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na kosa la robo saa iliyopita. Anaona tu kwamba mtu anayemlisha amegeuka.

Njia yenye kufaa ni ya kuchosha, lakini ni fupi. Mpelekeni nje mahali palepale kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akikojoa huko, msifuni papo hapo kwa sauti ya furaha na kipande kidogo cha dagaa. Akikosea ndani, msiseme neno. Pigeni deki mpaka harufu iishe, kwa maana harufu humrudisha palepale. Simba alihitaji wiki tano. Kati ya hizo, moja ilipotea kwa sababu ya kandambili yangu.

Chakula na dawa

Waulizeni waliowauzia alikuwa akila nini, na mwendelee na chakula kilekile kwa siku chache. Mkitaka kukibadili, changanyeni kipya na cha zamani, mkiongeza kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Mwenye miezi miwili apewe milo 4 midogo kwa siku. Kuanzia karibu miezi minne, milo 3. Akifika miezi sita, milo 2. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Maji safi yawepo siku zote.

Wengi wetu tutampa chakula cha nyumbani. Ugali au wali pekee haujengi mifupa wala misuli. Changanyeni na dagaa waliopikwa, nyama, mayai au maini kidogo. Msimpe mifupa iliyopikwa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyotoboa utumbo. Vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, basi mchuzi wenu uliobaki, wenye kitunguu, usiwe mboga yake.

Nina onyo moja zito. Pana desturi ya kununua mahindi yaliyooza au pumba zenye ukungu kwa bei ndogo, "ni za mbwa tu." Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Mbwa naye huuawa na sumu hiyohiyo, tena mdogo huathirika upesi. Kuipika hakuiondoi. Kisichofaa kuliwa na watu kwa sababu ya ukungu hakifai kuliwa na mbwa.

Kuhusu minyoo, lile tumbo la mviringo nililolipenda dirishani halikuwa shibe. Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo aliyoipata kwa mama yake, au huipata katika maziwa. Apewe dawa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake. Hili linawahusu watoto wenu pia: mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo, huingia kinywani kwa mikono michafu, na huweza kudhuru hata macho ya mtoto. Zoeni kinyesi kila siku, na waosheni watoto mikono.

Kupe nao huleta homa kali za damu. Lakini msimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe mliyoipima kwa macho. Ngozi yake ni laini, na mwenyewe hujilamba. Nunueni dawa iliyoandikwa umri na uzito wa mtoto wa mbwa, na kama maandishi yamefutika, iacheni dukani.

Zipo dalili zisizosubiri kesho: kutapika mara kwa mara, kuharisha damu, kulegea, ufizi kuwa mweupe, au kukataa chakula siku nzima. Sisi tulisubiri usiku mmoja, na usiku ule ndio uliotupotea. Mtafuteni daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari linaloandikisha wataalamu hao, na si utovu wa adabu kumwuliza mtu kama amesajiliwa.

Meno madogo na watoto wa nyumbani

Atang'ata mikono, pindo za khanga, viatu na miguu ya viti. Ana meno 28 ya utotoni, na kati ya miezi minne na sita yatang'oka kupisha 42 ya ukubwani. Anapong'ata mkono, usipige kelele wala kumchapa; simamisha mchezo, geuka, kisha mpe kitu cha kutafuna, kama kipande cha kamba nene kilichofungwa mafundo. Wafundisheni watoto wasimvute mkia, wasimguse akila, na wasikimbie wakipiga mayowe, kwa kuwa kinachokimbia hufukuzwa. Mtoto mchanga wa binadamu na mbwa wasiachwe peke yao chumbani hata dakika moja.

Wiki zisizorudi

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wetu hulikosea kwa nia njema. Tunamtaka mbwa wa ulinzi. Basi tunamfungia bandani tangu siku ya kwanza, asione watu, ili awe mkali. Wapo hata wanaomlisha pilipili, ambayo haimpi kitu ila maumivu ya tumbo.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza mamia ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, na kitabu chao kilichapishwa mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na karibu wiki ya 12, akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea nani ni wake na kipi ni cha kawaida. Mlango huo hufungwa. Watoto waliofugwa bila kukutana na watu mpaka wiki ya 14 walikuwa waoga kama wanyama wa mwituni, na ilikuwa vigumu mno kuwazoeza.

Mbwa aliyefungiwa, basi, hawi mlinzi, huwa mwoga. Naye mwoga huuma akitishika, na aliye karibu naye ni mtoto wa nyumba hiyo, si mwizi. Mlinzi mwema ni yule anayejua kilicho cha kawaida, ndipo atambue kisicho cha kawaida. Kwa hiyo, katika wiki hizo chache, mwonyesheni dunia kwa upole: pikipiki, mvua ikipiga bati, fundi mwenye kofia, mama mwenye buibui, mzee mwenye mkongojo, wanafunzi wakitoka shule. Na kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, mbebeni mikononi au kwenye kikapu. Asikanyage mahali wanapozurura mbwa wasiojulikana. Kumbebea nje robo saa kila jioni hakuna gharama yoyote, na hakuna fedha itakayonunua wiki hizo zikishapita.

Kichaa cha mbwa

Kuhusu kichaa cha mbwa naomba tusitanie. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Visa vingi mno vya wanadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Mtoto wa mbwa naye huweza kuwa nacho. Udogo si kinga. Akiwauma au kuwakwaruza mbwa msiyejua chanjo yake, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo mkaanzishiwe sindano, na mzimalize zote. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika karibu na siku hiyo. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata yenu.

Jirani

Jirani yangu ni bibi wa makamo ya mama yangu, mcha Mungu. Wiki ya pili alinijia, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema, "Mwanangu, mimi simchukii mbwa wako. Lakini mate yake yakinigusa, nina kazi ya kujitwahirisha mara saba, moja kwa udongo, nami miguu hainisaidii tena." Niliona haya, kwa sababu nilikuwa sijawaza hilo hata kidogo. Nikaziba mwanya wa uzio, nikatia komeo kwenye geti, na saa za swala nikawa namweka Simba upande wa pili wa nyumba. Mbwa wako ni wako; mate yake, kelele zake na kinyesi chake visiwe vya mtaa mzima. Pigeni hodi kwa majirani kabla mbwa hajafika, si baada ya ugomvi.

Mkikata tamaa

Siku ya tisa, saa tisa usiku, nikiwa nimekaa sakafuni na kitambaa cha deki mkononi, nililia. Nilitaka kumrudisha. Nilijiona mtu mbaya kwa kutaka hivyo. Baadaye nikagundua kwamba wengi waliofuga wamepita hapo, ila hawasemi. Ikiwafika, jueni ni uchovu, nao una mwisho. Gawaneni zamu nyumbani, laleni mchana anapolala, na msipime mafanikio kwa siku. Pimeni kwa wiki. Kama baada ya yote hamwezi, mrudisheni kwa aliyemzaa au mtafutieni nyumba njema. Msimtupe dampo wala sokoni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na dhamiri ilitutaka hivyo kabla ya sheria.

Nanyi mliohadaiwa msikae kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Leteni karatasi yenu, kadi yenu, na maelezo ya daktari. Mimi sikuwa na karatasi, sikujua jina la kijana yule, na nilipopita tena mahali pale alikuwapo mwingine akiuza miavuli.

Ndugu zangu, mbwa akitunzwa huishi miaka 10 hadi 13. Katika muda huo wote, wiki zinazowachosha ni chache kuliko vidole vya mikono miwili, na ndizo zinazoamua hiyo mingine yote. Udongo uwahi ungali maji. Simba sasa ana miaka minne. Usiku hulala barazani, na wezi hawajarudi. Binti yangu ndiye anayetunza kadi yake ya chanjo, kwenye bahasha pamoja na vyeti vyake vya shule, na kila mwaka ndiye anayenikumbusha tarehe.